Mwongozo kamili wa kujitolea kumshika mkono mgonjwa wa saratani na anayemuuguza

Mtu akitoka chumba cha daktari na majibu ya kinyama, kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe kupimwa saratani, mkononi, maswali yanayomjia mwanzo mara nyingi si yale daktari aliyojiandaa kuyajibu. Nitamwambiaje mume wangu? Wiki tano za mionzi nitalala wapi Dar es Salaam, mimi wa Sumbawanga? Nywele zikikatika watoto nitawaelezaje? Huyu mdogo wangu niliyekuja naye atakula nini? Anayeweza kuyajibu bila kubabaisha ni yule aliyewahi kukaa kwenye benchi hilo hilo.

Mwongozo huu ni wa watu hao: manusura wa saratani na ndugu waliowahi kuuguza, wanaotaka kujitolea kwa wengine. Unaeleza namna ya kuanza kikundi kidogo kinachofanya kazi na kliniki ya saratani, hatua kwa hatua. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakokujua zaidi, ila aliyeko Eldoret au Kampala hatapata shida kuifuata.

Kazi yenyewe ni kurudi

Wiki ya kwanza baada ya habari kuenea, nyumba ya mgonjwa hujaa. Wanakuja majirani na matunda, wanakuja wa jumuiya, wa msikitini, wa kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA. Ikifika dozi ya nne simu zimenyamaza, na hapo ndipo mwili umechoka zaidi na akiba imekwisha. Kemo ya dripu, yaani dawa za kuua saratani zinazopitia mshipani, kwa saratani nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, dozi sita hadi nane, yaani miezi minne mpaka karibu sita. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi huchukua siku tano kwa wiki, wiki tano hivi, kisha kuna mionzi ya ndani, inayowekwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe. Baada ya hapo kuna miaka ya kurudi kliniki kuangaliwa.

Kwa hiyo ukiniuliza sifa kubwa ya mjitolea, nitakwambia ni kutimiza miadi. Ahidi kidogo. Ukisema utapiga simu Alhamisi jioni, piga Alhamisi jioni, hata kama huna jipya la kusema. Mgonjwa anayejua kwamba kuna mtu atamuuliza "dozi ya tano umepata?" ana sababu moja zaidi ya kutoikatisha tiba katikati, na katikati ndipo wengi wanapopotelea.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1952 huko New York, Terese Lasser, aliyekuwa ameondolewa titi kwa saratani, alianza kuwatembelea wanawake waliofanyiwa upasuaji kama wake na kuwaonyesha namna ya kunyoosha mkono na kuvaa. Wako madaktari wa upasuaji ambao hawakumtaka kabisa wodini. Mpango wake, Reach to Recovery, ulichukuliwa na American Cancer Society mwaka 1969, na mfano wake umeenea nchi nyingi. Kwetu mfano wa karibu uko kwenye CTC, kliniki za matunzo na tiba ya virusi vya Ukimwi: WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao huwapokea wagonjwa wapya na kuwafuatilia waliopotea. Hospitali zetu zinaujua utaratibu huu na zimeona faida yake. Ukienda kuomba nafasi kwenye kliniki ya saratani, utaje mfano huo, utaeleweka upesi.

Nani anafaa

Aliyemaliza matibabu jana bado anahitaji kushikwa mkono yeye mwenyewe. Mimi naona mwaka mmoja tangu kumaliza dozi ya mwisho ni muda wa haki, na kwa aliyefiwa na mgonjwa wake vivyo hivyo, mwaka upite kwanza. Mwulize anayetaka kujiunga akusimulie ugonjwa wake kwa dakika kumi. Akiweza kusimulia na kisha akanyamaza kukusikiliza wewe, anafaa. Akishindwa kuacha kusimulia, au akawa bado ana hasira ya daktari fulani inayochemka, mwache apumzike, mwite mwakani.

Watafute watu wa aina mbalimbali. Mzee wa tezi dume hatamweleza binti wa miaka 25 kwamba mkojo unamtoka bila taarifa, wala mama aliyetokwa na uchafu wenye harufu kwa miezi hatamweleza mwanamume. Watafute wanaume, ni wachache na ni wagumu kupatikana, lakini bila wao nusu ya wodi itabaki bila mtu. Watafute pia waliouguza, kwa hesabu sawa na manusura ikiwezekana.

Anayeuza virutubisho, juisi za kuponya au dawa za kuongeza kinga hafai, hata awe na moyo mwema namna gani. Wala asiyeweza kukaa na mtu wa dini nyingine bila kujaribu kumbadilisha.

Bisha hodi hospitalini kwanza

Usiingie wodini na vipeperushi. Anza na muuguzi kiongozi wa kliniki, kwa sababu ndiye anayejua siku zenye msongamano na wagonjwa wanaokaa peke yao. Kisha mwone afisa ustawi wa jamii, halafu andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi au mganga mfawidhi: ninyi ni nani, mtafanya nini, hamtafanya nini, siku gani, na nani atawasimamia upande wa hospitali. Omba vitambulisho na pembe moja yenye faragha kidogo, hata kama ni viti viwili nyuma ya pazia.

Kituo gani? Ocean Road ya Dar es Salaam, taasisi ya saratani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 katika jengo la hospitali ya enzi za Wajerumani, hupokea watu kutoka kila mkoa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, inahudumia Kanda ya Ziwa, hospitali ya KCMC kule Moshi ina kituo chake cha saratani. Kenya kuna Kenyatta na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Uganda kuna Taasisi ya Saratani iliyoko Mulago tangu 1967. Kotekote mgonjwa anaweza kuwa amesafiri siku nzima au mbili, na huko alikotoka hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyepona saratani. Hospitali ya mkoa isiyo na mionzi nayo inawahitaji sana wajitolea, kwa sababu hapo ndipo mgonjwa anapopewa rufaa na kuamua aende au asiende.

Anzeni na siku moja ya kliniki kwa wiki, wajitolea wanne, wagonjwa wasiozidi wawili kwa kila mmoja. Msikubali kuongezewa mpaka miezi mitatu ipite.

Mafunzo: yale ya lazima

Jumamosi mbili zinatosha kuanzia, zikiongozwa na muuguzi wa saratani na afisa ustawi wa jamii. Sehemu ya kwanza ni kuujua ugonjwa kiasi cha kutodanganya. Mjitolea ajue kwamba saratani haiambukizwi kwa kikombe wala kitanda. Kwamba kuchukua kinyama hakuufanyi uvimbe "ukasirike" na kusambaa, uvumi uliowafanya wengi wafike hospitali wamechelewa. Kwamba anayepigwa mionzi ya mashine kutoka nje habaki na mionzi mwilini, anaweza kumpakata mjukuu wake jioni ile ile. Kwamba zile alama za wino alizochorwa ngozini zisisuguliwe, na mafuta yasipakwe sehemu ya mionzi bila kuuliza. Kwamba kuna dawa ya kemo ya rangi nyekundu inayofanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili, na si damu. Kwamba nywele, kwa dawa zinazozikata, huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza, na huota tena.

Sehemu ya pili ni mipaka. Mjitolea hasomi majibu ya vipimo, hataji dozi, hasemi "mimi ningekuwa wewe ningekataa upasuaji". Kila swali la kitabibu lina jibu moja: "Hili tuliandike, tukamuulize daktari." Kisha unaliandika kweli, kwenye daftari la mgonjwa, kwa maneno yake, ili siku ya kliniki asisahau.

Sehemu ya tatu ni kusikiliza, na hii haifundishwi kwa maelezo. Wakae wawili wawili, mmoja asimulie kwa dakika tano, mwenzake asiseme neno isipokuwa "ehe" na "pole". Wengi hugundua kwamba dakika tano ni ndefu mno kwao. Rudieni mpaka ziwe fupi.

Kuoanisha

Unapomchagulia mgonjwa mjitolea wake, aina ya saratani ndiyo kigezo cha kwanza, jinsia cha pili, lugha cha tatu. Bibi wa Kisukuma aliyefika Mwanza akakutana na mtu anayemwamkia kwa lugha yake atafunguka ambako Kiswahili cha ofisini kingemfunga. Umri nao una uzito: mama kijana mwenye saratani ya titi ana maswali ya kunyonyesha, ya kuzaa tena, ya ndoa, na anahitaji mama kijana mwenzake. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hapa anaulizwa: "Ungependa kuzungumza na mtu aliyetibiwa ugonjwa kama wako?" Akisema hapana, mwachie jina la kikundi na siku mnazokuwepo. Asifuatwe.

Mazungumzo ya kwanza

Subiri awe ametulia. Anayesubiri kuitwa chumba cha dripu hasikii lolote. Kaa, usisimame juu yake. Amkia kama unavyomwamkia mtu wa rika lake mtaani: mkubwa wako mpe shikamoo yake, umsubiri akuitikie. Halafu jieleze kwa ufupi. Mfano:

"Shikamoo mama. Pole na kuumwa. Mimi si muuguzi, ni mgonjwa kama wewe, nilitibiwa titi hapa hapa na sasa nakuja kliniki mara moja moja kuangaliwa. Tuko wachache tunakuja kila Jumanne kukaa na wenzetu. Naweza kukaa hapa kidogo?"

Umemwambia wewe ni nani, umeonekana uko hai, na umemwachia nafasi ya kukataa. Kisha uliza swali moja lililo wazi: "Safari ya kufika hapa ilikuwaje?" Mara nyingi litatoka lote hapo, kuanzia duka la dawa la kijijini, mpaka mganga, mpaka shamba lililouzwa.

Tumia neno analotumia yeye. Akisema "ule uvimbe", sema uvimbe. Akisema kansa, sema kansa. Akilia, usimwambie anyamaze. Usiseme "jikaze", wala "mbona unaonekana mzima", wala usimletee habari za shangazi yako aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. "Mungu hakupi mzigo usiouweza" nalo liache. Kama ana imani atakutajia Mungu mwenyewe, na hapo mtaongea. Sema "pole", sema "hili ni zito", na unyamaze.

Atakuuliza wako ulikuwa hatua ya ngapi, na kama yeye atapona. Swali la kwanza lijibu kwa ukweli. La pili sema: "Wangu ulikuwa wangu, wako anaujua daktari. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba nitakuwa nakupigia." Tumaini lililojengwa juu ya ahadi ya uongo likianguka linamwangusha pamoja nalo, na hatakuamini tena hata kwa jambo dogo.

Kuna familia zitakazokuvuta pembeni: "Mama hajui anaumwa nini, tafadhali usimwambie." Hali hii utaikuta sana. Kanuni yangu ni kwamba humwambii, na humdanganyi. Kumpa habari si kazi yako, ni ya daktari, lakini akikuuliza uso kwa uso usimwambie ni vidonda vya tumbo. Mjibu kwa swali: "Mama, ungependa kujua zaidi kuhusu ugonjwa wako? Nikuitie muuguzi tukae naye?" Kwa ndugu, sema kwa upole kwamba mgonjwa aliyeingia geti la Ocean Road mara nyingi anajua zaidi ya wanavyodhani, na huenda yeye naye ananyamaza ili kuwalinda wao. Wapeleke kwa ustawi wa jamii kabla siri haijawavunja wote.

Kuhusu miti shamba, uliza bila kukunja uso: "Na nyumbani unatumia nini kingine?" Ukimgombeza ataficha, na daktari anahitaji kujua, kwa kuwa baadhi ya mizizi na majani huliumiza ini au huingiliana na kemo. Maombi na dua hayagombani na dripu. Linalohitaji hatua ya haraka ni pale mtu anapoambiwa aache dawa kwa kuwa ameshaponywa. Siku hiyo hiyo mjulishe muuguzi msimamizi.

Kati ya dozi na dozi

Hapa ndipo simu ya kila wiki inapookoa. Weka kalenda ya mgonjwa wako: tarehe ya dozi, tarehe ya kipimo cha damu kabla ya dozi, tarehe ya kliniki. Mweleze mapema kwamba damu ikiwa chini dozi inaweza kusogezwa mbele kwa wiki moja, ili akirudishwa asidhani amekatiwa tamaa.

Siku hatari zaidi baada ya kemo kwa kawaida ni kati ya siku ya 7 na ya 14, chembe nyeupe za damu zinapokuwa chini. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kipindi hiki ni dharura, iwe saa nane mchana au saa nane usiku, na si ya kungoja kliniki ya Jumatatu. Kipimajoto ni kitu cha kwanza ninachoshauri kikundi kinunue kwa kila mgonjwa, kabla ya matunda na kabla ya fulana za kikundi. Apime kabla ya kumeza panadol, kwa sababu panadol huificha homa.

Mjitolea na anayeuguza wazijue kwa kichwa dalili nyingine za kwenda hospitali bila kungoja:

- damu isiyokoma, popote inapotoka
- kutapika au kuharisha mpaka maji hayakai tumboni
- kushindwa kupumua vizuri, au maumivu ya kifua
- mguu mmoja kuvimba na kuuma
- mgongo kuuma pamoja na miguu kulegea, au kushindwa kukojoa
- kuchanganyikiwa ghafla
- mkono uliowekwa dripu kuwaka, kuvimba au kutoa malengelenge

Wakati dripu inaingia na mgonjwa akasema inachoma, mwite muuguzi papo hapo. Usimwambie avumilie. Baadhi ya dawa hizi zikimwagika nje ya mshipa huunguza nyama.

Harufu na uchafu wa saratani ya mlango wa kizazi au kidonda cha titi vinawafungia wanawake wengi ndani kuliko maumivu. Hawatakuambia wenyewe. Sema wewe kwanza: "Wengine wetu tulipata harufu, na ipo dawa ya kuipunguza." Kisha mpeleke kwa muuguzi. Vivyo hivyo tendo la ndoa baada ya mionzi: uke unaweza kusinyaa, na yapo maelekezo ya kuuzuia usizibe. Mwanamke asiyejua hilo anaumia, mume anadhani amekataliwa, na ndoa inavunjika kwa jambo ambalo muuguzi angelieleza kwa muda mfupi tu.

Maumivu nayo yasemwe. Bado kuna wanaoamini morfini ni dawa ya mtu anayekufa. Nchini Uganda, Hospice Africa Uganda tangu 1993 imetumia morfini ya maji kwa wagonjwa wanaouguzwa majumbani, na wako wanaoinywa huku wakiendelea na shughuli zao. Mkumbushe mgonjwa ainywe kwa saa alizoandikiwa, asingoje maumivu yapande, na aombe dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, maana hufunga choo.

Anayeuguza ana mtu wake

Kila mtu humuuliza: "Mgonjwa anaendeleaje?" Wewe umuulize yeye anaendeleaje, kisha umtazame mpaka akujibu kweli. Mara nyingi ni binti mkubwa aliyeacha kazi ya mama lishe, au mke ambaye shamba lake limepandwa na majirani msimu huu, au kijana wa kiume anayembadilisha mama yake nguo na hana pa kuisema aibu anayoisikia. Analala kwenye kanga juu ya sakafu ya varanda. Anakula kilichobaki.

Mpe mjitolea wake mwenyewe, tofauti na wa mgonjwa, na awe mtu aliyeuguza. Nalishikilia hili kwa nguvu. Mbele ya mtu anayesema na mgonjwa wake, hatathubutu kukiri kwamba amechoka, kwamba jana usiku alitamani yaishe. Mawazo hayo humjia mwuguzaji anayempenda sana mgonjwa wake, na akiyasema akaona hashangawi, usingizi unarudi. Waongelee nje, kwenye kivuli, mbali na kitanda.

Baada ya kumsikiliza, msaidie kwa vitendo. Mkae na karatasi mwandike majina ya ndugu wote na kazi moja ndogo kwa kila mmoja: nani analala hospitali Jumamosi, nani anapeleka watoto shule, nani anapokea simu za wanaouliza hali. Mtu mmoja wa kupokea simu humwondolea mwuguzaji mzigo ambao wengi hawauoni. Mwonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuumiza mgongo wake mwenyewe, muuguzi atawaelekeza. Mwambie avae glavu anapofua nguo au kusafisha matapishi na mkojo wa aliyepata kemo katika siku mbili za kwanza. Mkumbushe na dawa zake mwenyewe, kwa sababu wauguzaji wengi wana presha au sukari na wameacha kliniki yao tangu mgonjwa aanze kuumwa.

Baba anayeuguza mtoto ana upweke wa namna yake. Wodini wengi ni akina mama, wanapikiana, wanasukana. Yeye anakaa langoni. Mtafute.

Kikundi cha mwezi

Mikutano ya pamoja ianze baadaye, mkishakuwa na watu kumi hivi. Chagueni siku ya kliniki ili nauli isiwe mara mbili. Saa moja na nusu, viti kwa duara, maji ya kunywa, na mtu wa kuwashika watoto. Nusu ya kwanza wote pamoja, nusu ya pili wagonjwa upande wao na wauguzaji upande wao. Mwongozaji afungue kwa kila mmoja kutaja jina na jambo moja la mwezi huo. Anayetaka kunyamaza anyamaze.

Hakuna hotuba za wageni waalikwa, hakuna biashara, hakuna kumsimamisha aliyepona kama shahidi mbele ya watu ambao ugonjwa wao umerudi. Mkitaka mtaalamu, mwiteni wa jambo moja linalohitajika: mtaalamu wa lishe kwa wenye saratani ya koo wasiomeza, au fundi wa kushona matiti bandia ya kitambaa, darasa ambalo kinamama hulifurahia kuliko mhadhara wowote.

Siri na pesa

Kundi la WhatsApp ni la kutangaza tarehe na kutiana moyo, basi. Picha za vidonda, majibu ya vipimo na majina kamili visipitie huko. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Habari za afya ya mtu zinalindwa. Daftari la kikundi liwe na jina la kwanza, namba ya simu na tarehe za miadi, na lifungiwe kwa msimamizi. Ukikutana na mgonjwa wako mtaani, msalimie tu, usiulize ugonjwa mbele ya watu.

Mjitolea asimkopeshe wala kumpa mgonjwa pesa mkononi, hata roho ikimuuma, na itamuuma. Ukimpa mmoja, kesho utakuwa mfadhili wa wodi, na asiye na shida ya pesa ataona haya kukuita. Badala yake jua milango: msamaha wa gharama kupitia ustawi wa jamii, na barua ya serikali ya mtaa anayotakiwa aje nayo, hosteli za wagonjwa na nani anapanga vitanda, na kwa Kenya, usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwuliza njia asiyejua barua ipi inahitajika hupoteza siku tatu akizunguka, na wewe unaijua. Kikundi kikitaka kusaidia nauli, pesa zipite kwa mweka hazina na kwa orodha ya ustawi wa jamii.

Matibabu yakifika ukingoni

Itafika siku daktari atasema hakuna dozi nyingine. Wajitolea wapya hukimbia hapa, wanaacha kupiga simu kwa sababu hawajui la kusema. Endelea na Alhamisi yako. Mwulize mgonjwa angependa siku zake ziweje, nani angependa kumwona, kama kuna deni au jambo la watoto na kiwanja analotaka liwekwe sawa wakati sauti ipo. Wengi wamekuwa wakingoja mtu wa kuwauliza. Iombeni hospitali iwaunganishe na huduma ya tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso, hasa kama anarudishwa kijijini: aondoke na morfini yake, karatasi ya dawa, na namba ya simu ya kuuliza.

Akifariki, nenda msibani kama mtu mwingine yeyote, bila fulana ya kikundi. Mpigie mwuguzaji wake baada ya arobaini, watu wakiwa wametawanyika, na tena miezi mitatu baadaye. Mwache asimulie usiku wa mwisho hata kama ameshausimulia.

Wajitolea nao wana miili

Kila baada ya wiki mbili mkutane na msimamizi, saa moja, kila mtu aseme mgonjwa gani amemlemea. Aliyefiwa na mgonjwa wake asipewe mwingine mwezi huo. Manusura anayesubiri majibu ya kipimo chake mwenyewe apumzishwe mpaka yatoke, bila kuulizwa sababu. Ugonjwa ukimrudia, anahama upande wa pili wa benchi, naye anapewa mtu wake siku hiyo hiyo. Msimamizi awe na jina tayari.

Na anayeacha kazi hii, kwa kuhama, kuchoka au kupata ajira, amkabidhi mgonjwa wake kwa mwenzake ana kwa ana, wote watatu wakiwa wamekaa, daftari la tarehe mezani. Ikishindikana kukutana, basi kwa simu wakiwa wote watatu hewani, kabla Alhamisi inayofuata haijafika.